Alama za CD katika saratani ya damu: namna ya kuchukua sampuli, kuituma na kusoma majibu, kwa wenzangu wa mkoa wa Tanga

Mgonjwa wa saratani ya damu kutoka Pangani, Muheza au Handeni hupata jina la ugonjwa wake kwenye maabara kubwa, mara nyingi Dar es Salaam au Moshi. Lakini kazi ya kulipata jina hilo huanzia kwetu. Sisi ndio tunaochoma sindano, tunaochagua chupa, tunaojaza fomu na kufunga boksi. Sampuli ikishaharibika kabla ya kuondoka stendi ya Kange, hakuna mashine ya bei mbaya itakayoifufua huko iendako. Mgonjwa atarudi kuchomwa upya, na wengine hawarudi, kwa sababu nauli imekwisha au nguvu zimewaishia.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa maabara, tabibu na muuguzi wa hospitali ya wilaya au mkoa. Ndugu wa mgonjwa aliyeshika ripoti asiyoielewa naye asome, hasa sehemu ya kusoma majibu.

Kwanza tuelewane kuhusu CD

CD4 kila mtu anaijua. Miaka ya kliniki za CTC, yaani za huduma ya VVU, imeifanya herufi hizo zitamkwe hata sokoni Mgandini. Kinachosahaulika ni kwamba CD4 ni jina la kipokezi tu, protini iliyosimama juu ya ngozi ya aina fulani ya seli nyeupe, na kwamba ina ndugu wengi. Zimeshapewa namba zaidi ya 350. Virusi vya UKIMWI huingia kwenye seli kwa kushika CD4. Virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na saratani ya taya za watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na kazi yake Uganda, huingia kwenye seli B, yaani seli nyeupe za ukoo unaotengeneza kingamwili, kwa kushika CD21. Basi namba hizi si za ugonjwa mmoja. Ni anwani za protini zilizo juu ya seli, na kila mtu mzima wa afya anazo.

Njia ya kuzitambua ilifunguka mwaka 1975, Köhler na Milstein walipoonyesha namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, kila moja ikishika kitu kimoja na kuacha vingine. Maabara za dunia zikatengeneza kingamwili nyingi, kila mmoja akiita zake jina lake, mpaka mkutano wa Paris wa mwaka 1982 ulipoanza kuzipanga kwa namba. Ndipo likatoka neno CD, kifupi cha Kiingereza cha “cluster of differentiation”. Si zote ni vipokezi kwa maana kamili: CD10 ni kimeng'enya, CD45 nayo ni kimeng'enya, lakini CD117 na CD25 ni vipokezi hasa, vinavyopokea amri ya seli kukua. Kwa kazi yetu zote ni alama.

Mashine ya flosaitometri hufanya hivi: seli huchanganywa na kingamwili zilizofungwa rangi zinazong'aa, kisha hupita moja moja mbele ya mwanga wa leza. Mashine hupima ukubwa wa seli, chembechembe zilizomo ndani yake, na rangi ipi imewaka na kwa nguvu gani. Mashine za kuhesabu CD4 kliniki hutumia wazo hilohilo, ila zile ndogo zimetengenezwa kwa kazi hiyo moja. Usimwambie daktari kwamba mnaweza kupima lukemia (saratani ya seli nyeupe za damu) hapo kwa sababu tu kuna mashine ya CD4.

Hakuna alama moja inayotaja saratani peke yake, na hili ndilo ningependa kila anayesoma alibebe. Fikiria sare za shule. Shati jeupe huvaliwa na shule nyingi za mji huu, kwa hiyo ukimwona mtoto wa shati jeupe hujajua anasoma wapi. Ukiona shati, rangi ya sketi, sweta na beji kwa pamoja, hapo unajua. CD5 ipo kwenye seli T za kila mtu mzima wa afya. CD19 ipo kwenye seli B za kila mtu. Zikikutwa mbili hizo juu ya seli moja, kwa wingi, na CD23 ikaongezeka, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Hatua ya 1: Jua nani anahitaji kipimo hiki

Usianze na flosaitometri. Anza na FBP (hesabu kamili ya seli za damu) na slaidi iliyopakwa vizuri, ikatazamwa na jicho la mtu. Mashine ya FBP huweza kuzihesabu blasti (seli changa zisizokomaa) kama limfosaiti au monosaiti, ambazo ni seli nyeupe za kawaida, ikatoa karatasi safi yenye namba zinazoonekana za kawaida. Mtoto mwenye homa isiyoisha, damu kidogo, chembe sahani zilizoshuka na maumivu ya mifupa atazamwe slaidi hata kama malaria imesoma chanya. Kwetu pwani malaria na selimundu ni vya kila siku, na ndivyo vinavyotufanya tutulie mapema kuliko inavyofaa.

Wanaopaswa kuchukuliwa sampuli ikatumwa ni hawa: mwenye blasti kwenye slaidi, mwenye damu, seli nyeupe na chembe sahani zilizoshuka kwa pamoja bila sababu, mtu mzima mwenye limfosaiti nyingi zinazodumu, na mwenye mitoki isiyopungua. Huyu wa mwisho anahitaji kukatwa kinyama. Nitamfikia.

Kuna kundi moja ambalo watu wa Tanga tunapaswa kulijua kuliko vitabu vya Ulaya vinavyolieleza. Ni mtu mzima mwenye bandama kubwa mno, limfosaiti zimepanda, amechoka, amekonda. Huenda ni lukemia sugu ya limfosaiti au limfoma (saratani ya limfosaiti inayofanya uvimbe) ya bandama. Huenda pia ni bandama iliyovimba kwa mwili kupambana na malaria miaka mingi, hali inayotulizwa kwa dawa za kuzuia malaria. Kwa darubini zinaweza kufanana sana. Kinachotenganisha ni kuuliza kama seli B zile zimezaliwa na mama mmoja, na hilo flosaitometri inalijibu, kama tutakavyoona. Kumpa mtu huyu dawa za saratani kwa kubahatisha ni kosa kubwa, na kumwacha mwenye limfoma akinywa dawa za malaria nalo ni kosa.

Hatua ya 2: Zuia prednisoloni

Kabla ya sindano yoyote, uliza: mgonjwa ameshapewa prednisoloni au deksamethasoni? Dawa hizi huua seli za limfoma na za lukemia ya limfosaiti kwa kasi. Uvimbe unapungua, familia inashukuru, sampuli inachukuliwa wiki inayofuata, na majibu yanakuja: seli zilizokufa, haiwezekani kusoma. Ugonjwa haujapona, umejificha tu, na ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu. Kama mgonjwa hajabanwa pumzi na maisha yake hayako hatarini saa hiyo, sampuli itangulie. Kama ameshatumia, andika kwenye fomu dawa, kipimo na tarehe.

Pigia simu maabara inayopokea siku hiyohiyo kabla ya kuchukua. Uliza kama mashine inafanya kazi, kama kingamwili zipo, na wanafunga kupokea saa ngapi. Simu hiyo imeokoa sampuli nyingi kuliko barafu.

Hatua ya 3: Chukua sampuli sahihi kwenye chupa sahihi

Kwa damu na uboho, tumia chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau. Jaza hadi alama, kisha pindua taratibu mara nane hadi kumi. Usitikise. Bonge dogo la damu iliyoganda hunasa blasti ndani yake, na zinazobaki kwenye majimaji si mfano wa kweli wa ugonjwa. Kama daktari anataka pia kipimo cha kromosomu, ongeza chupa ya heparini, kifuniko cha kijani. Kwa vipimo vya vinasaba kama BCR-ABL1, kile cha lukemia sugu ya mieloidi, rudi kwenye EDTA, kwa kuwa heparini huzuia kemikali za kipimo hicho kufanya kazi.

Uboho una sheria yake. Mvuto wa kwanza wa sirinji, ule mdogo kabisa, ni wa slaidi. Mvuto wa pili ndio uende kwenye chupa ya flosaitometri, na usiwe mwingi mno. Ukiendelea kuvuta, damu ya kawaida huingia na kuuzimua uboho, kisha ripoti inakuja ikisema blasti ni chache kuliko zilivyo. Hili ni jambo la maana, kwa sababu kwa lukemia kali nyingi za mieloidi (ukoo wa seli nyeupe zisizo limfosaiti) mpaka wa utambuzi ni asilimia 20 ya blasti. Mgonjwa anaweza kuvuka au kutovuka mpaka huo kwa ajili ya mkono wa mvutaji.

Paka slaidi pale pale, usisubiri. Damu ikikaa saa nyingi kwenye EDTA seli hubadilika sura. Kausha hewani, zifiksi chache kwa methanoli, uache nyingine mbili bila rangi.

Kwa mtoki, mambo yanageuka. Tezi nzima iliyokatwa na mpasuaji ni bora kuliko majimaji ya sindano nyembamba. Kwenye limfoma ya Hodgkin seli za ugonjwa ni chache mno kati ya seli za kawaida, flosaitometri huzipita bila kuziona, na mpangilio wa tezi ndio unaosema. Tezi iingie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi, mara kumi ya ukubwa wa kinyama chenyewe, ndani ya saa moja tangu ikatwe. Tezi kubwa ipasuliwe katikati ili dawa ipenye. Nimeona tezi ya ukubwa wa yai ikiwa imebanwa kwenye kichupa cha vidonge, formalini imelowesha juu tu; ulipoipasua, nje ilikuwa ngumu ya kijivu na ndani laini, nyekundu, inanuka. Kingamwili hazishiki chochote kwenye nyama iliyooza.

Damu na uboho wa flosaitometri visikutane na formalini kamwe, kwa kuwa seli zinatakiwa hai. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata mvuke wa formalini huharibu slaidi za damu ambazo hazijatiwa rangi. Hubadilika kuwa za kijanikijani na seli haziwezi kusomeka. Chupa ya kinyama na slaidi za damu zisisafiri kwenye boksi moja, hata kama ni za mgonjwa mmoja na basi ni moja.

Hatua ya 4: Jaza fomu kama unamwandikia mtu asiyemwona mgonjwa

Umri, jinsia, dalili na tangu lini, ukubwa wa bandama kwa sentimita chini ya mbavu, mitoki iko wapi, FBP kamili na si seli nyeupe peke yake, hali ya VVU, dawa alizotumia, tarehe na saa ya kuchukua. Andika pia unachoshuku. Mtaalamu wa flosaitometri huchagua kingamwili kulingana na swali lako, na kingamwili ni ghali. Ukiandika “tafadhali pima” umemwachia abahatishe. Ukiandika “mvulana wa miaka 9, kifua kimevimba katikati kwa picha ya eksirei, blasti kwenye slaidi, nashuku lukemia ya seli T” ataanza na CD3, CD7 na CD5 bila kupoteza seli.

Hatua ya 5: Safari

Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 18 na 25. Msimu wa kaskazi Tanga hupita hapo tangu asubuhi, na buti la basi lililosimama Segera juani ni moto wa tanuri. Tumia kikasha cha chanjo chenye vibarafu viwili vilivyopoa tu, si vilivyoganda mawe, ukizungushia chupa gazeti au pamba nene. Chupa ikigusa barafu, seli hupasuka. Usigandishe, usiweke friji usiku kucha.

Vifungashio viwe vitatu: chupa yenyewe iliyofungwa vizuri, chombo cha pili kisichovuja chenye pamba ya kunyonya ikitokea ajali, na boksi gumu la nje lenye jina na simu ya mpokeaji na mtumaji. Fomu iwe kwenye mfuko wake wa nailoni, nje ya chombo cha pili.

Lengo ni sampuli ifike na kushughulikiwa ndani ya saa 24. Saa 48 ni ukingoni. Kwa hiyo chukua Jumatatu hadi Jumatano, asubuhi, iwahi basi la mapema. Sampuli ya Ijumaa mchana italala mwisho wa wiki na Jumatatu itakuwa imekufa. Basi likishaondoka, mpigie mpokeaji umpe namba ya gari na saa ya kutarajia. Usifikiri mtu atakwenda kuulizia boksi asilolijua.

Hatua ya 6: Kusoma ripoti

Ripoti ikija, usikimbilie orodha ya plus (alama ipo) na minus (alama haipo). Tafuta kwanza sentensi inayosema ubora wa sampuli: seli hai ni asilimia ngapi. Kama ziko chini mno, yote yanayofuata yasomwe kwa tahadhari.

Kisha tazama CD45. Alama hii ipo kwenye seli zote nyeupe, kali kwenye limfosaiti zilizokomaa na hafifu kwenye blasti. Kwa uhafifu huo mtaalamu huzitenga blasti na kuanza kuzihoji. Maswali ni manne: seli hizi ni za ukoo gani, zina umri gani, zimetoka kwa mama mmoja, na kuna kitu gani kisichokaa mahali pake?

Ukoo. CD19, CD22 na CD79a ni za seli B. CD3, CD7, CD5 na CD2 ni za seli T, na kati ya hizo CD3 ndiyo yenye neno la mwisho, hata inapokutwa ndani ya seli badala ya juu yake. CD13, CD33, CD117 na kimeng'enya cha MPO ni za ukoo wa mieloidi. CD14 na CD64 huelekeza kwenye monosaiti. CD41 na CD61 kwenye mama wa chembe sahani. CD138 na CD38 kali kwenye seli za plazma, ambazo zikiasi huitwa mieloma.

Umri. CD34 na TdT ni alama za utoto. Seli yenye CD19, CD10, CD34 na TdT ni seli B changa, na zikijaa uboho hiyo ni lukemia kali ya limfosaiti B, ambayo ndiyo saratani ya damu inayowapata watoto zaidi duniani. Seli yenye CD19, CD20 na CD10 lakini haina CD34 wala TdT imekomaa zaidi. Kwa mtoto wa pwani aliyevimba taya au tumbo kwa kasi, fikiria limfoma ya Burkitt, na tazama kama Ki-67, alama ya seli zinazogawanyika, imekaribia asilimia 100. Matibabu ya hizi mbili hayafanani, ndiyo maana haitoshi kuandika “saratani ya damu” kwenye cheti cha rufaa.

Mama mmoja. Seli B hubeba juu yake kingamwili yenye mnyororo mwepesi, ama kapa ama lamda, kamwe si vyote. Kwa mtu wa afya zimechanganyika, kapa zikizidi lamda kwa takriban 3 kwa 2 hadi 2 kwa 1. Ukiona karibu zote ni kapa, au karibu zote ni lamda, hao ni watoto wa seli moja iliyoasi. Sasa mrudie yule mtu mwenye bandama kubwa. Kapa na lamda zikiwa zimechanganyika vizuri, malaria ya miaka mingi inapata nguvu kama maelezo. Zikiwa za upande mmoja, na seli zina CD5, CD19, CD23 na CD20 hafifu, hiyo ni lukemia sugu ya limfosaiti, mradi seli B hizo zizidi 5,000 kwa kila maikrolita na zidumu miezi mitatu. Ikiwa CD5 ipo lakini CD23 haipo na CD20 ni kali, limfoma ya seli za mantili ichunguzwe kwa kutafuta protini ya saiklini D1. Ikiwa kuna CD11c, CD25, CD103 na CD123, jina ni lukemia ya seli zenye nywele, ugonjwa adimu ambao dawa yake inajulikana na hufanya kazi vizuri.

Kisichokaa mahali pake. Blasti za mieloidi zikivaa CD7 au CD56, au seli za plazma zikipoteza CD19, ni vituko vya saratani. Vinasaidia pia baadaye, maana ndivyo vitakavyotafutwa mtu akishatibiwa.

Mchanganyiko mmoja uutambue kama unavyoitambua dharura ya uzazi: blasti zenye chembechembe nyingi, CD33 kali, MPO kali, lakini CD34 na HLA-DR hazipo. Hiyo ni sura ya lukemia ya promielosaiti. Mgonjwa huyu anaweza kufa kwa kutokwa damu kichwani ndani ya siku chache, na akitibiwa mapema kwa dawa ya ATRA ni miongoni mwa wenye nafasi kubwa ya kupona kati ya wagonjwa wote wa lukemia kali. Usiweke ripoti kwenye faili. Mpigie daktari simu, usiku au mchana, na rufaa itoke bila kungoja kipimo cha PML-RARA, kinasaba kinachothibitisha ugonjwa huu.

Kwa ripoti za kinyama, majina ni yaleyale ila yamepimwa kwa rangi ya kahawia kwenye slaidi, yaani imunohistokemia. Hodgkin huonekana kwa seli kubwa zenye CD30, mara nyingi na CD15, zisizo na CD45. CD20 kali kwenye seli kubwa zilizotapakaa huelekeza limfoma ya seli B kubwa. Mgonjwa aliyekuwa anatumia dawa za kifua kikuu kwa ajili ya mitoki bila kukatwa kinyama, na mitoki haipungui, ndiye ambaye ripoti hii ilikuwa inamsubiri. Tafadhali tusiwaache wazunguke.

Flosaitometri haifai kila mahali. Lukemia sugu ya mieloidi katika hatua yake ya mwanzo haitambuliwi kwa CD. Ukiona seli nyeupe 200,000, bandama kubwa na slaidi iliyojaa neutrofili za kila umri, omba BCR-ABL1 moja kwa moja na uokoe pesa ya mgonjwa.

Hatua ya 7: Kumweleza mwenye mgonjwa

Bibi mmoja wa Pangani alinifuata dirishani na ripoti ya mjukuu wake, ameikunja ndani ya kanga. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hapa wameandika CD4. Ndiyo ule ugonjwa?” Alikuwa ameshaanza kumshuku mkwewe. Nikamwambia, “Hapana bibi. Hiyo ni alama iliyoko kwenye damu ya kila mtu, yako na yangu. Wameitazama ili wajue ugonjwa wa mtoto umeanzia kwenye seli gani. Kipimo cha ule ugonjwa ni kingine, na mjukuu wako alipimwa, hana.” Mtoto alikuwa na lukemia ya seli T, na CD4 imo katika alama za seli T, kama vile inavyoonekana kwenye baadhi ya lukemia za monosaiti.

Tangu hapo naanza na CD4 kabla sijaulizwa. Mwambie mama au bibi mapema: namba hizi si wingi wa ugonjwa, plus haina maana ya mbaya na minus haina maana ya nzuri. Mweleze jina la ugonjwa kwa ukamilifu, mwandikie kwenye karatasi, mwambie safari inayofuata ni wapi na abebe nini: ripoti yenyewe, slaidi, vitalu vya nta vya kinyama kama vipo, na kadi ya bima.

Hatua ya 8: CD20, dawa na kumbukumbu

Baadhi ya alama hizi ni pia shabaha za dawa. Rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, ni kingamwili inayoshika CD20 na kuita kinga ya mwili imalize seli hiyo. Zipo pia dawa zinazolenga CD19, CD30, CD33 na CD38. Kwa hiyo ripoti isiyotaja CD20 kwa limfoma ya seli B haijakamilika. Irudishe kwa simu, kwa adabu, uombe iongezwe.

Kabla ya rituksimabu mgonjwa apimwe homa ya ini B, ile iliyopo sasa na ile ya zamani iliyojificha, yaani HBsAg na kingamwili za kiini cha kirusi. Dawa hii huweza kuamsha virusi vilivyolala na kuua ini. Hiki ni kipimo tunachoweza kusimamia hapa Tanga kabla hajapanda basi.

Ugonjwa ukirudi baada ya rituksimabu, CD20 inaweza kuwa imetoweka au imefunikwa na dawa. Andika kwenye fomu ya pili kwamba aliitumia na lini, ili mtaalamu atafute seli B kwa CD19, CD79a au PAX5 na asidhani hazipo.

Na ripoti ya kwanza itunzwe. Fungua daftari la maabara lenye safu za namba ya mgonjwa, tarehe, aina ya sampuli, orodha ya alama zilizokuwepo na zisizokuwepo, na alama zile za kituko. Piga nakala mbili, moja ibaki kwako na moja ishonwe kwenye faili la wodi. Mgonjwa akirudi baada ya mwaka na blasti chache kwenye uboho, mtaalamu wa Dar es Salaam atakuuliza zilikuwa na sura gani mara ya kwanza, na jibu litakuwa kwenye daftari hilo.